Usiipime kwa kilo kabla hujaisoma: kutambua zana kongwe za gari na pikipiki

Sanduku la zana la mjomba lilikuwa la mbao za mninga, pembe zake zimepigwa bati, zito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Alikuwa dereva wa lori la kahawa, akishusha magunia kutoka Kibosho na Uru hadi Moshi mjini, na enzi hizo dereva ndiye aliyekuwa fundi wa gari lake. Gari likizima njiani wakati wa masika, hakuna wa kumpigia simu. Alipofariki, binamu zangu walimwita mnunuzi wa chuma chakavu. Nilipofika, mizani ilikuwa imeshatundikwa kwenye mparachichi uani. Nikaomba nipewe siku mbili tu na lile sanduku.

Nusu ya vilivyokuwemo anavijua fundi yeyote: nyundo, tindo, tupa, plaizi, spana za kawaida. Nusu ya pili ilikuwa vitu ambavyo kijana wa gereji leo angeviangalia na kuuliza, "Hiki nacho ni cha nini?" Jibu la haraka mtaani ni kuviuza kwa kilo, au kuvikata na kuvichomelea kwenye kitu kingine. Mimi nakuomba usubiri. Zana inaweza kusomwa ikakwambia ilikuwa ya kazi gani, ila lazima uifuate kwa mpangilio.

Hasara ya kutoijua zana niliilipia mapema. Nikiwa bado najifunza kazi, ililetwa pikipiki ya Yamaha iliyotakiwa kutolewa flaiwili, ile sahani nzito yenye sumaku pembeni ya injini. Kwenye droo kulikuwa na kipande cha chuma cha duara, kina nyuzi kwa nje na bolti imepita katikati. Nilidhani ni nati ya mashine fulani, nikakisogeza pembeni, nikachukua nyundo. Flaiwili ilitoka, lakini sumaku moja ilikuwa imebanduka na ncha ya kranki imefura kama uyoga, nati haiingii tena. Mwenye pikipiki alikaa wiki mbili bila chombo chake cha kazi. Kile kipande cha duara kilikuwa pula ya flaiwili hiyohiyo.

Hatua ya 1: Safisha bila kufuta

Kosa kubwa huwa la grainda. Mtu anaona kutu, anafunga brashi ya waya kwenye mashine, na dakika moja baadaye zana inang'aa bila herufi hata moja. Umeshaichoma hati yake ya kuzaliwa.

Kabla ya kuloweka chochote, tazama vitu vilivyokuwa vimekaa pamoja. Zana mbili tatu zikiwa zimefungwa kwenye turubai moja au kwa kamba moja, zipige picha kwanza kwa simu. Mtu aliyezifunga alikuwa na sababu, na mara nyingi zana moja inayojulikana humtambulisha mwenzake.

Sasa zilaze kwenye beseni la mafuta ya taa au dizeli usiku kucha, isipokuwa zile zenye mpini wa mbao au sehemu ya mpira. Hizo zipanguse tu. Asubuhi sugua kwa mswaki mkuukuu. Kutu sugu itoe kwa waya laini wa kuoshea sufuria, ukifuata urefu wa zana, na uache ukifika kwenye ule weusi wa kahawia uliolala kwenye chuma. Weusi ule hauna madhara, na herufi huwa zimejificha ndani yake.

Kisha ingia mahali penye giza kidogo, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa zana ili mwanga upite juu ya chuma kwa upande. Herufi zilizolika zitasimama kwa kivuli chake. Zikikataa, paka chaki ya ubaoni na upanguse kwa kiganja; chaki itabaki kwenye mashimo ya herufi. Kwa chuma kilicholika sana mimi huweka karatasi nyembamba juu yake na kupitisha ubapa wa penseli, kama watoto wanavyochora sarafu. Spana moja ya mjomba niliyodhani haina kitu ilinipa neno zima na tarakimu nne kwa njia hiyo.

Hatua ya 2: Soma herufi

Hapa ndipo penye utajiri, nami nitakaa kidogo.

Herufi zinazochanganya mafundi wengi ni W, au Whit, na BS. Zinatokana na Joseph Whitworth, mhandisi wa Uingereza aliyependekeza mwaka 1841 kipimo kimoja cha nyuzi za bolti kwa viwanda vyote. Mpaka wakati huo kila karakana ilikata nyuzi zake. BS au BSF ni ndugu yake mdogo wa mwaka 1908, mwenye nyuzi za karibu zaidi. Sasa shika jambo hili, kwa maana ndilo linaloharibu nati nyingi: spana iliyoandikwa 1/4 W haina mdomo wa robo inchi. Namba hiyo inataja unene wa mguu wa bolti, na mdomo wenyewe una milimita 13.3. Ndiyo maana utaona upande uleule umepigwa namba mbili, 1/4 W na 5/16 BS. Bolti ni mbili tofauti, kichwa ni kimoja.

Herufi AF zina maana kwamba namba ni upana wa nati yenyewe kutoka ubapa hadi ubapa. 1/2 AF ni nusu inchi kweli, yaani milimita 12.7. Hizo ni za magari ya Kimarekani, na ya Kiingereza baada ya Uingereza, Marekani na Kanada kukubaliana nyuzi za pamoja mwaka 1948. Mwaka huohuo Land Rover ilizinduliwa, na ndiyo sababu Land Rover za zamani zinamtesa asiyejua: gari moja linaweza kuwa na bolti za BSF, za AF, na kwenye mambo ya umeme ukakuta BA.

BA ni spana ndogondogo za urefu wa kidole, zenye namba 0, 2, 4, 6. Kwake namba ikipanda bolti inapungua. 0 BA ina mguu wa milimita 6, na 2 BA milimita 4.7. Ukizikuta, fikiria dinamo, kabureta, distribyuta na magneto, kile kifaa kinachoipa injini ya zamani cheche bila betri. Usizitupe kwenye kopo la spana za baiskeli.

Alama nyingine zinataja nchi na enzi. D.R.G.M. ni usajili wa miundo wa Ujerumani ulioanza mwaka 1891, na D.R.P. ni hataza ya Ujerumani iliyotolewa hadi mwaka 1945. Kwetu Moshi mtu akiona herufi hizo hurukia kusema zana ililetwa na Mjerumani mtawala, aliyefikisha reli ya Tanga hapa mwaka 1911 na kuondoka mwaka 1916. Inawezekana, lakini alama hizo ziliendelea kupigwa miaka mingi baada ya yeye kuondoka, na zana za Ujerumani zimeuzwa madukani Arusha na Moshi zama zote. Tafuta ushahidi wa pili. Maneno West Germany yanakupa mipaka iliyo wazi zaidi: kati ya mwaka 1949 na 1990. Occupied Japan ni kabla Wamarekani hawajamaliza kuikalia Japani mwaka 1952.

Mshale wa mistari mitatu uliokutana kileleni, kama unyayo wa kuku, ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na zaidi hukutwa kwenye zana za jeshi. Mara nyingi pembeni yake kuna mwaka. Ile spana niliyoipaka penseli ilikuwa na unyayo huo na 1943.

Majina ya viwanda nayo husaidia kukisia ni magari gani yaliyohudumiwa. King Dick, yenye picha ya mbwa mwenye uso uliokunjamana, ni ya Birmingham. Britool nayo ni ya Uingereza. Gedore, Hazet, Stahlwille na Dowidat ni za Ujerumani, Facom ya Ufaransa, KTC ya Japani. Bahco ni ya Sweden, nchi ya Johan Petter Johansson aliyepata hataza ya ile spana ya kurekebisha mdomo, tunayoiita gereji spana malaya, mwaka 1892. Ila usitegemee jina peke yake. Mafundi walikuwa wakinunua kilichopatikana.

Hatua ya 3: Pima mdomo, usikisie

Nunua vernia, ile rula yenye taya za kupimia upana, hata ya plastiki. Pima mdomo mahali pawili, karibu na ncha na ndani kabisa, kwa sababu mdomo uliotumiwa kwa nguvu hufunguka nchani. Kipimo cha ndani ndicho cha kuamini, nacho kitazidi kichwa cha nati kwa kiasi kidogo sana. Hivi ndivyo vichwa vya nati vinavyokutana na zana za zamani:

3/16 W: milimita 11.3
1/4 W: milimita 13.3
5/16 W: milimita 15.2
3/8 W: milimita 18.0
7/16 W: milimita 20.8
1/2 W: milimita 23.4

Na za AF: 7/16 ni 11.1, 1/2 ni 12.7, 9/16 ni 14.3, 5/8 ni 15.9, 11/16 ni 17.5, 3/4 ni 19.05.

Utaona mwenyewe mitego ilipo. 3/4 AF na spana ya 19 ni kitu kimoja, hakuna tatizo. 3/8 W na ya 18 vilevile. Lakini spana ya 1/4 W ukiivika kwenye nati ya 13 itacheza kwa theluthi moja ya milimita, na theluthi hiyo inatosha kuzungusha pembe za nati iliyokaza.

Spana za milimita nazo zina kabila. Bolti ya unene wa milimita 8 kwa Mjapani ina kichwa cha 12, kwa Mjerumani 13. Ya milimita 10 ni 14 kwa Mjapani na 17 kwa Mjerumani. Basi mfuko wenye 10, 12 na 14 umetoka kwenye Toyota, Datsun au pikipiki ya Kijapani. Wenye 13, 17 na 19 umetoka kwenye Volkswagen au Mercedes. Ukikuta soketi au ringi nzito ya 36 peke yake, waza Volkswagen ya mgongo wa kobe: nati ya ekseli ya nyuma na ile ya flaiwili zote ni 36. Spana ya bomba ya 52, pana kama kikombe, yenye matundu mawili ya kupitishia nondo, ni ya nati za habu za Land Rover.

Hatua ya 4: Tafuta palipochakaa

Zana isiyo na herufi bado inasema kwa mikwaruzo yake. Igeuze polepole chini ya mwanga na ujiulize maswali matatu. Inashika wapi? Nguvu inatoka wapi, mkononi, kwenye nyundo, au kwenye skrubu? Na inaegemea wapi?

Mahali panapong'aa kuliko kwingine ndipo penye kazi. Kisigino kilichofura kinasema ilikuwa ikigongwa. Tundu la duara lililopita upande hadi upande karibu na ncha ni la kuingizia nondo ya kuzungushia. Tundu dogo kwenye mkia mara nyingi ni la kuning'inizia tu. Meno yaliyolika upande mmoja yanakuonyesha ilizungushwa kwenda wapi.

Kama kuna nyuzi, isimamishe wima mbele ya macho. Nyuzi zikipanda kuelekea kulia, ni za kawaida. Zikipanda kuelekea kushoto, zana hiyo inafungwa kwa kuzungusha kinyume. Kuna pula za flaiwili za namna hiyo, na ukizilazimisha kuelekea kulia unaondoka na nyuzi za flaiwili nzima.

Hatua ya 5: Linganisha na zile zinazosumbua

Hizi ndizo nilizokuta kwenye sanduku la mjomba na kwenye masanduku mengine niliyoyafungua tangu hapo, Moshi na Arusha.

Pula ya flaiwili nimeshaitaja. Mwili wake wa nje unaingia kwenye nyuzi zilizo katikati ya flaiwili, halafu bolti ya kati inasukuma ncha ya kranki. Nyingi za pikipiki za Kijapani zina kipenyo cha milimita 27 na nyuzi za milimita 1. Ingiza mwili kwa mkono mpaka uishe wote ndipo ukaze bolti. Ukishika nyuzi tatu tu, zitang'oka.

Fimbo ya mbao, urefu wa shubiri moja na nusu, yenye kikombe cha mpira kila ncha au upande mmoja. Hii ni ya kusaga valvu. Kikombe kinanyonya uso wa valvu, unapaka dawa ya kusagia kwenye ukingo, kisha unaizungusha fimbo kati ya viganja viwili kama mtu anayepekecha moto. Kwa mjomba mbao ilikuwa imelika katikati hadi ikawa na kiuno, mahali palepale viganja vyake vilipopita miaka yote. Mpira huwa umekufa kwa uzee. Mbao inafaa kutunzwa, mpira unabadilishwa.

Fremu kubwa ya umbo la C yenye skrubu au klampu upande mmoja na kikombe kilichokatwa dirisha upande wa pili ni ya kubana springi ya valvu. Watu huidhania jiriwa ya seremala. Lile dirisha ndilo linaloitambulisha, kwa sababu vidole hupita pale kutoa zile kufuli mbili ndogo za valvu.

Bangili ya bati la chuma inayobanwa kwa ufunguo wa pembe nne ni ya kubana ringi za pistoni zisishike mdomo wa silinda. Mwenzake asiyejulikana kabisa ni bangili nyingine nene, ina mpini, na ndani kuna visu vifupi vya upana tofauti kwenye kigurudumu. Hiyo inakwangua masizi kwenye mifereji ya ringi. Unachagua kisu kinacholingana na mfereji, unazungusha pistoni. Wengi wetu leo tunatumia kipande cha ringi iliyovunjika kwa kazi hiyo, na kinafanya kazi, lakini kisu hakikwaruzi pistoni kama hicho kipande.

Spana ya urefu wa kidole cha kati, nyembamba kama sarafu, yenye ulimi wa bati uliopigwa ribiti ubavuni. Ni ya magneto. Mdomo unalegeza nati ya pointi, zile ncha mbili zinazokata na kuunga umeme, na ulimi ndio kipimo cha mwanya kati yake. Kwenye magneto za Lucas zilizofungwa kwenye pikipiki za Kiingereza za BSA na Triumph mwanya ulikuwa inchi 0.012, karibu milimita 0.3. Kinachonisikitisha ni kwamba kitu hiki ndicho cha kwanza kupotea, kwa kuwa kinafanana na takataka. Royal Enfield zilizounganishwa India tangu mwaka 1955 ziliendelea na vipimo vya Kiingereza muda mrefu, kwa hiyo mwenye pikipiki hiyo asikimbilie kuzitoa spana zake za W wala hizi ndogo.

Spana fupi yenye tundu la mraba badala ya pembe sita ni ya kurekebisha breki. Austin Mini na magari mengi ya Kiingereza yalikuwa na kichwa cha mraba nyuma ya sahani ya breki. Ukivika spana ya mdomo wazi pale, kichwa kinakuwa duara. Chuma chembamba kilichopindwa kama kijiko bapa ni cha breki pia, cha kuzungusha gurudumu lenye meno kupitia dirisha dogo la dramu. Zana zote mbili hukutwa na vumbi la kijivu la breki za zamani, na vumbi hilo linaweza kuwa na asbestosi. Lilowanishe na kulipangusa kwa kitambaa. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa.

Spana ya ndoano, yenye upinde na jino moja, ni ya nati za duara zilizochongwa mifereji: chini ya shokapu, kwenye shingo ya usukani wa pikipiki, au kwenye bomba la eksozi. Soketi yenye meno manne yaliyosimama kama mnara ni ya nati ya klachi ya Honda ndogo. Mafundi wengi hugonga nati ile kwa tindo, nawe utaijua pikipiki iliyopitiwa na tindo kwa makovu.

Silinda nzito ya chuma, inayojaa kiganja, ukiigonga kwa nyundo ncha yake inazunguka kidogo. Ni bisibisi ya kugonga, na si sumba kama wanavyoiuza sokoni. Pikipiki za Kijapani zilifungwa vifuniko vya injini kwa skrubu za nyota ambazo hushika kama zimechomelewa, na pigo moja linasukuma na kuzungusha kwa wakati mmoja. Hapohapo tazama skrubu yenyewe: ikiwa na kidoti kidogo kichwani, ni nyota ya Kijapani, na bisibisi ya nyota ya kawaida itaruka na kuila. Bisibisi butu kidogo nchani, iliyokaa ndani ya skrubu hiyo bila kucheza, ndiyo yenyewe.

Pula ndogo mno, yenye miguu miwili mifupi, inayoonekana kama mfano wa kufundishia watoto, ni ya kutoa vichwa vya betri vilivyogandamana. Bomba la kioo lenye balbu ya mpira juu na kielea ndani ni la kupimia maji ya betri: karibu 1.28 betri imejaa, na kadiri kielea kinavyozama ndivyo chaji inavyopungua.

Hendeli ya kuwashia gari, ile nondo iliyopindwa mara mbili, wazee wote wanaijua. Naitaja kwa sababu ya vijana wanaopenda kuijaribu. Usiizungushie kidole gumba. Weka vidole vyote vitano upande mmoja na uvute kwenda juu, kwa maana injini ikirudi nyuma inavunja mkono.

Hatua ya 6: Tenganisha ya kiwandani na ya kienyeji

Nusu ya maajabu utakayokutana nayo hayamo katika orodha ya kiwanda chochote, kwa sababu yalitengenezwa na fundi aliyekuwa na shida siku hiyo. Zana ya kiwandani iliyofuliwa huwa na mstari mwembamba ubavuni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ya kienyeji ina alama za msumeno, za tupa, au shanga za kuchomelea.

Usiidharau. Angalia ilitokana na nini. Ubapa wenye mkunjo mdogo wa asili na chuma kigumu kinachokataa tupa ni wa springi ya lori, na zamani ndiyo ilikuwa liva bora ya matairi. Fimbo yenye kichwa cha uyoga ni valvu iliyogeuzwa kuwa patasi ya kusukumia pini. Bomba lenye nati iliyochomelewa mdomoni ni spana ya bomba, na ile nati ndiyo inayokwambia kipimo. Mjomba alikuwa na sahani mbili za klachi zilizochomelewa kwenye nondo ya nusu mita: ya kushikia kitovu cha klachi ya pikipiki kisizunguke wakati unafungua nati. Nimezihesabu meno, zinaingia kwenye pikipiki iliyoko gereji kwangu leo.

Na usisahau kwamba si kila kilichomo kwenye sanduku la gari ni cha gari. Spana bapa yenye matundu mengi na umbo la mfupa ni ya baiskeli. Bisibisi fupi nene huwa ya cherehani. Kwetu huku hukutwa pia funguo za mashine za kumenyea kahawa.

Hatua ya 7: Jaribu kwa mkono, kisha itundike waziwazi

Ukishapata dhana, ivike kwenye kifaa unachodhani ni chake bila nguvu yoyote. Zana iliyo sahihi hukaa yenyewe. Inayohitaji kugongwa ili iingie, au inayocheza, rudi hatua ya tatu. Kisha andika kwenye kipande cha bati au karatasi ngumu: kipimo, alama, ulikoitoa, unachodhani, na uifunge kwa waya.

Ile isiyopata jina usiirudishe sandukuni. Itundike ukutani karibu na mlango, mahali wateja wanaposubiri. Mimi nilitundika kitu kimoja cha shaba, kirefu kama kidole gumba, chenye nyuzi upande mmoja, na upande wa pili mpira mrefu uliokauka na kupasuka. Nyuzi nilishazipima: unene milimita 14, na kutoka uzi hadi uzi milimita 1.25, sawasawa na plagi. Juu yake kulikuwa na matundu madogo ya hewa. Nilijua kinaingia kwenye tundu la plagi. Sikujua kinatafuta nini humo.

Kilikaa miezi minne. Siku moja alikuja mzee mmoja wa Old Moshi, ameleta jenereta lake. Alikuwa amekaa kwenye benchi, akanyanyua macho.

"Hii umeipata wapi, mwanangu?"

"Ya marehemu mjomba, mzee wangu. Nimeshindwa kuijua."

"Hii ni pampu ya tairi. Unatoa plagi moja, unaifunga hii, unawasha gari na silinda zilizobaki. Pistoni ile isiyo na plagi ndiyo inayopiga upepo." Akaniwekea kidole kwenye yale matundu. "Hapa inavuta hewa safi ya nje, ili usijaze petroli ndani ya tyubu."

Nilinunua mpira mpya wa upepo. Jumamosi tuliifunga kwenye Land Rover ya petroli ya jirani, silinda tatu zikinguruma na ya nne ikipumua, na mzee akiwa amechuchumaa pembeni, mkono juu ya tairi, anasikiliza.